Shahidi wa Mlango

Watu wa barabara ya Kabambare wakimtaja baba yangu, mpaka leo husema, "Ule muzee? Hakuiba hata punje moja." Ni kweli, hakuiba. Nami kila nikisikia maneno hayo nakasirika, na uzee huu wote nilionao, na meno yenyewe yamebaki manne.

Tulikaa kando ya barabara hiyo, mwendo wa siku nzima kwa miguu kutoka Kasongo. Baba alilima kama wengine, na ndiye aliyeshika ufunguo wa msikiti wetu mdogo. Mama alikuwa fundi wa kukandika nyumba. Kwetu wanaume husimamisha miti na kufunga fito, halafu wanatuachia sisi wanawake udongo. Mama alinifundisha tangu nikiwa mtoto: udongo mwekundu wa kichuguu, unaukanyaga mpaka ulainike, unaupiga ukutani, kisha unaupitishia kiganja kwa duara ndogo ndogo kuanzia juu. Nilipofika umri wa kuposwa niliweza kuangalia ukuta wowote pale kijijini na kukuambia ni mkono wa nani.

Siku zile za Wabelgiji tulilimishwa pamba kwa nguvu. Kila mavuno Bulamatari, ndivyo tulivyoita serikali, alikata kipande cha bei yetu akakiweka akiba, eti kituokoe mwaka mbaya ukija. Mwaka mbaya wa kwanza ulipokuja, akiba hiyo iligeuzwa mpunga na chumvi, ikapakiwa kwenye lori, na sisi tukaona lori tu. Makarani wakanenepa. Watu walilalamika, Waislamu na Wakristo kwa sauti moja, mpaka sheria mpya ikatoka ya kuulinda msaada ule. Tulisomewa mbele ya bendera. Depo, yaani ghala la msaada, itakuwa na kadenasi mbili, kufuli za kizungu, ufunguo mmoja kwa karani, wa pili kwa shahidi atakayechaguliwa na raia wenyewe. Mlango haufunguliwi mpaka liste ya majina irudi kutoka Kasongo ikiwa na muhuri. Na shahidi atapokea wa mwisho, asije akajipendelea.

Watu wote walimtaja baba, hata wale wa misheni. Nilipiga vigelegele mpaka koo likauma. Baba hakuridhika na kuchaguliwa. Alirudi msikitini akaapa kwa Mungu kwamba mlango ule hautafunguka kwa mkono wake kinyume cha sheria. Hakuna aliyemtuma kuapa.

Depo yenyewe tuliijenga sisi, nyumba ya fito na udongo kama nyumba zetu. Bulamatari alileta mlango wa mbao nene na kadenasi mbili za chuma. Tuliziangalia zile kadenasi, tukazigusa, tukazisifu. Kijiji kizima cha watu wanaojua ukuta wa udongo ni kitu gani, na hakuna hata mmoja aliyecheka.

Mwaka uliofuata mvua ilikatika mapema. Pamba ikakauka, na muhogo tuliokuwa tumeruhusiwa kupanda ulikuwa kidogo, ukaisha. Lori ilileta magunia ya mpunga, tukayaona kwa macho yetu yakiingia ndani, karani akafunga kadenasi yake, baba akafunga ya kwake. Kisha tukangoja liste.

Nilikuwa na mdogo wangu wa kike, kitinda mimba, hata miaka minne hajafika. Mchokozi yule! Tukikanyaga udongo, anaiba donge, anajipaka mashavu na tumbo, anakuja kusimama mbele ya mama, "Miye ni nyumba. Unikandike." Na mama anamkandika kweli, mgongo mzima, huku anamtekenya. Katika ile njaa aliacha kuchokoza. Miguu ikavimba, nywele zikageuka nyekundu na laini. Alikaa ameegemea ukuta kutwa nzima bila kulia, na mimi ningetoa chochote nimsikie akilia.

Mchana mmoja karani alikuja kwetu. Alikuwa mtu wa viatu na kalamu mfukoni, mpole wa maneno.

"Bwana Shahidi," akamwambia baba, "naona mutoto iko mubaya sana. Lete ufunguo wako. Tunafungua kidogo tu, unabeba nusu gunia. Nani atajua?"

"Mungu atajua," baba akasema. "Na miye nitajua."

Karani akainua mabega, akaenda zake. Mama alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote.

"Baba watoto, nusu gunia."

"Niliapa, mama watoto."

"Uliapa na roho ya mutoto wa nani?"

Baba alichukua kofia yake akaenda msikitini, na mama akaketi chini akamvuta mdogo wangu mapajani.

Siku chache baadaye nilipita nyuma ya depo kutafuta majani ya porini tuliyokuwa tunachemsha. Pale nyuma, chini karibu na ardhi, niliona kiraka upana wa mlango wa banda la mbuzi. Udongo wake ulikuwa wa kijivu, wa kijitoni, si wa kichuguu. Na haukupitishiwa kiganja kwa duara. Ulivutwa juu na chini kwa vidole, kazi ya mwanaume asiyejua. Pembeni ulikuwa bado na unyevu. Nilikimbia mpaka nyumbani.

Baba aliniita Mama, kwa sababu nilibeba jina la mama yake.

"Baba, depo imetobolewa kwa nyuma, halafu imekandikwa."

"Kadenasi ziko?"

"Ziko, lakini ukuta..."

"Mama, sheria inasema mlango. Nimepewa mlango." Kisha akashusha sauti, na hapo niliona kwamba anaogopa. "Nikienda kwa muzungu kumsingizia karani wake kwa ajili ya udongo, na akikuta si kweli, nitalazwa chini nipigwe fimbo mbele yenu. Hapana sema tena neno hili."

Nikanyamaza. Nilikuwa binti mwenye adabu, jamani, na adabu ile naijutia. Baba hakwenda kuutazama ukuta. Kila asubuhi baada ya sala alikwenda mbele ya depo, akavuta kadenasi yake, akavuta ya karani, akarudi ameridhika.

Liste ilirudi mwezi mzima baadaye, pamoja na ajenti, mzungu wa serikali, na askari wawili. Kadenasi zikafunguliwa. Majina yakaitwa, kila nyumba debe moja. Magunia ya mbele yalikuwa mpunga mzuri. Walipofika safu ya nyuma, askari akachana gunia, na kilichomwagika ni pumba. Wakachana la pili, pumba. La tatu. Wanawake wakaanza kupiga yowe, "Yooo, mama we!", na karani akajaribu kurudi nyuma kuelekea mlangoni, askari akamshika shati. Ndipo nilipoelewa ile nusu gunia yake. Alitaka mkono wa baba uingie pia.

Baba alikuwa ndani ya depo amepiga magoti, anachimba kwenye pumba kwa mikono yote miwili. Ajenti akasimama juu yake.

"Wewe shahidi. Ulichunga nini?"

"Mulango, Bwana," baba akasema.

Alirudi nyumbani na chenga za mpunga alizookota sakafuni, ndani ya kofia yake. Majirani walioitwa mwanzo walituletea sehemu ya mpunga wao, siwezi kuwanyima haki yao. Mama alipika uji mwepesi sana. Mdogo wangu alilamba vijiko viwili, akageuza uso. Mwili wake ulikuwa umekwisha kukataa. Alikufa Ijumaa, wakati watu wanarudi kutoka msikitini.

Baba alimshusha mwenyewe kaburini. Alipotoka humo, mikono imejaa udongo, alinipita, akarudi, akasimama mbele yangu.

"Mama," akasema, "uliniambia."

Mpaka anakufa hatukulizungumza tena.

Karani alifungwa kamba akapelekwa Kasongo. Mvua iliporudi, ajenti naye akarudi na karatasi mpya, tukakusanywa tena mbele ya bendera. Mkalimani alisoma. Tangu sasa shahidi ataizunguka depo kila juma na kupapasa kuta zote. Atatoboa kila gunia kwa chuma aone kilichomo. Liste isikae zaidi ya majuma mawili. Akiona jambo, aseme bila kuogopa, na hatapigwa. Sheria nzuri, siisemi vibaya. Kila mstari niliousikia ulikuwa kitu ambacho kingemponya mdogo wangu, na nililia nikisikiliza kama mtu anayesomewa barua ya msiba.

Ajenti akauliza kama kuna mtu mwenye neno. Baba alikuwa ameinamisha kichwa. Mama akasimama. Hakuwa na desturi ya kusema mbele za watu, lakini sauti yake ilitoka imara.

"Nimesikia ukuta, nimesikia gunia, nimesikia fimbo. Na mutoto wangu? Iko fasi gani mu hiyo karatasi? Mumuonyeshe baba yake, apate kumuona."

Mzungu akamgeukia mkalimani, akamwuliza, amesema nini huyu mwanamke? Mkalimani aliangalia karatasi, akamwangalia mama, akaikunja karatasi. Kifaransa sikukijua, lakini neno alilolitoa kila mtu wa barabara ile alilijua. Alisema mersi, asante.

Mzungu akatabasamu, akampungia mama mkono.