Kikao Kilichosahau Wanafunzi

Niliazimwa kutoka ofisi ndogo ya serikali kule Bumbuli ili nikaandike muhtasari wa kikao cha maofisa wa wizara. Walikuwa wamepanda Lushoto kwa siku tatu kukimbia joto la Dar es Salaam. Ajenda ilikuwa moja: nchi yetu iseme nini juu ya nchi nyingine ambako wananchi walikuwa wamejaa barabarani na rais wao ametoroka. Mle ukumbini hakuna aliyejua kwamba binti wa dada yangu alikuwa huko, mwaka wa nne wa udaktari. Nilinyamaza makusudi. Nilidhani mipango ya kuwatoa wanafunzi nitaisikia kabla ya watu wengine.

Siku ya kwanza iliishia kwenye neno moja. Mzee aliyewahi kuwa balozi alitaka tuseme "machafuko." Serikali iliyoanguka ilitusaidia sana, alisema, na si uungwana kuigeuka sasa. Ofisa mmoja wa kike, mdogo kuliko wote, akapinga.

"Mheshimiwa, hao walioko barabarani ndio tutakaokaa nao mezani kesho. Tukiwaita wafanya fujo, hawatasahau."

Mwenyekiti akapendekeza "mapinduzi." Wakakataa. Akapendekeza "mabadiliko." Wakaenda kunywa chai.

Nilitoka nje nikampigia dada yangu. Binti alikuwa amemtumia ujumbe wa sauti: wamejificha wanane chini ya bweni, maji yamekwisha, risasi zinasikika.

"Wewe si uko nao hapo?" dada aliniuliza kwa Kishambaa. "Wanasemaje?"

"Wanaendelea," nilimjibu, na nikaona aibu kama vile mimi ndiye niliyekuwa nabishana juu ya maneno.

Siku ya pili wakafika kwenye sentensi ya mwisho. Tuseme tunafuatilia "kwa karibu" au "kwa karibu sana"? Nusu saa nzima! Mmoja alikuwa anaota moto kwenye jiko la mkaa, analalamikia baridi yetu. Nikaondoa mikono kwenye kompyuta.

"Shikamooni wakubwa," nilisema. "Samahani. Tangu jana sijaandika neno 'wanafunzi' hata mara moja. Mwanangu yuko huko. Nimweke ukurasa gani?"

Mwenyekiti akavua miwani.

"Pole, mama. Lakini hilo ni la idara nyingine. Wewe umeitwa kuandika."

"Hiyo idara nyingine inakaa wapi, mheshimiwa? Niende kwa miguu."

Balozi mstaafu akasema nimevunja utaratibu. Kufika saa sita nilikuwa nimeshashukuriwa kwa huduma yangu na kuambiwa nirudi Bumbuli. Yule ofisa mdogo alinifuata hadi getini. Akaomba namba ya binti, akapiga simu ubalozi wetu wa kule mbele yangu, mara tatu. Haikupokelewa. Alilia yeye, mimi nilikuwa na hasira mno, machozi hayakutoka.

Aliyewaokoa ni mke wa mlinzi wa bweni. Aliwapakia wote wanane kwenye lori la vitunguu, akapanda nao, akawavusha mpaka. Mama yule hatujawahi kumwona, na watoto wake mwenyewe aliwaacha kule kule kwenye risasi.

Tulipokwenda Dar kumpokea binti, tulikuta uwanja wa ndege una maua, kamera, na mwenyekiti wetu amevaa suti. Alimshika binti mkono, akamgeuza kwenye picha, akatangaza kuwa serikali imewarudisha vijana wake. Binti alikuwa amekonda hadi shati linamning'inia.

"Shikamoo, baba," alimwambia kwa adabu zote. "Kwani wewe ulikuwa kwenye lori lipi?"

Mwenyekiti alicheka, akidhani ni utani. Dada akamchukua mwanawe, tukaondoka. Kwenye gazeti picha ilitoka, maneno ya binti hayakutoka. Ndiyo maana nimeyaandika mimi.