Kava ya Kumuaga Mzee Maciu

"Wewe una digrii ya saikolojia, mdogo wako kaishia kidato cha pili, halafu yeye ndiye anaezeka mabati mapya," Litia alikuwa anamsema mumewe, Apenisa. "Mjinga nani hapo?"

"Semi anazima moto, mama Inise. Tena zamu za usiku wanamlipa."

"Na hao hao wazima moto wakilia, wanakuja kwako. Anayezima analipwa, anayewafuta machozi anakopa nauli."

Mimi nilikuwa mlangoni nacheka. Mimi na Apenisa ni watoto wa kaka na dada, na hapa Suva hiyo maana yake ni watani. "Shemeji, mwache. Huyu ukimpeleka kwenye moto ataukalisha chini auulize umelelewaje."

Apenisa hakucheka. Ukoo mzima uliuza magimbi asome, na sasa kikosi cha zimamoto kilishamkubali akazime moto kama mdogo wake. Leo kabla ya saa kumi awe amepimwa sare na viatu, la sivyo nafasi anapewa mwingine. Ila kwanza amuage Mzee Maciu, mzima moto mstaafu ambaye yeye humpa ushauri nasaha; kila Alhamisi wanaongea kuhusu kila kitu isipokuwa ile nyumba iliyoungua mzee akiwa kazini.

Kwetu huagi mikono mitupu. Apenisa alinunua kifungu cha mizizi ya kava, ile inayosagwa ikachanganywa na maji ya kunywa, mimi nikakibeba. Tulipokaa mkekani akakiweka mbele ya mzee. Kosa lake hapo. Unasema kwanza ni cha kuaga, maana hicho hicho ndicho cha kuombea, ndiyo unakiachia. Yeye alikiachia akiwa bado anatafuta maneno.

Mzee akakigusa, akapiga yale makofi mazito ya kupokea.

"Asante, mwanangu. Umeniomba kwa heshima nifungue mdomo. Basi leo nasema."

Kikishapokelewa hivyo, nani atamwambia sicho alichodhani?

Akasema. Mtoto wa ile nyumba, alivyomshika mkono, mkono ulivyomponyoka. Mimi ninayejua kutania hata msibani nilibaki natazama mkeka. Apenisa alisikiliza bila kumkata, vile anavyojua. Lakini macho yalikuwa yanatoroka kwenda kwenye saa ya ukutani, na kila yakirudi yalirudi kama ya mwizi.

"Ndiyo kwanza nimeanza," mzee alisema. "Alhamisi tutaendelea."

"Sawa, mzee," Apenisa akajibu.

Kule nje nikamshika shati. "Rudi umwambie, bwana."

"Nimwambie nini? Kwamba kilio chake hakinilipi?"

Ndani mzee akaita, beseni la kava lilikuwa tayari, tukanywe.

"Kanywe naye wewe," Apenisa akasema bila kunitazama. "Mimi nina shughuli mjini." Akashuka kilima haraka, akapimwe viatu.