Reli Ndogo ya Magunga

Emmah Kwamboka alikuwa msusi, na kibanda chake kilitazamana na soko la Ndhiwa. Kwa miaka kumi na tisa alisuka walimu, wauza samaki na maharusi, na akirudi nyumbani alimkuta mumewe, Mokaya, amepiga magoti kando ya reli.

Haikuwa reli ya watu kupanda. Ujanani Mokaya alikuwa fundi wa treni ndogo zilizobeba miwa kutoka shambani hadi kiwandani, zile za reli nyembamba ambazo mtu mzima huvuka kwa hatua moja. Kiwanda kilipohamia kwenye trekta, yeye hakuhama nacho. Alianza kuziunda upya nyumbani, kila kitu kikiwa sehemu ya kumi ya ukubwa wake. Kichwa cha treni kilikuwa na urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole, magurudumu aliyachonga kwa tupa, na mataruma, vile vipande vya mbao vinavyolala chini ya reli, aliyakata kwa mabaki ya mvule aliyopewa na seremala wa majeneza.

Emmah alitengeneza miwa. Alichukua nywele za kusukia zilizobaki kibandani, akazikaza kwa gundi, akazipaka kijani na kuzikata majani kwa mkasi. Mashina elfu mbili na zaidi, yote kwa vidole vyake.

Yakub, mfanyabiashara wa simenti na mabati aliyekuwa na nyumba ya wageni kule Magunga, aliiona treni hiyo siku moja akaduwaa. Wageni wake walikuja kutazama wanyama wa mbuga ya Ruma, na watoto wao wakirudi hawakuwa na la kufanya. Akamwomba Mokaya amzungushie bustani reli ya mita arubaini. Walikuwa wamefika nusu ya kazi, kifua kilipomshika Mokaya. Wiki mbili tu, mwezi wa Agosti, akaondoka.

Emmah hakulia. Alisimama kaburini kama mtu anayesubiri kuhudumiwa benki. Watu walinong'ona, naye aliwasikia, na maneno yao hayakumfika popote.

Yakub alikuja kutoa pole, akakaa, akanywa chai. Suala la reli hakuligusa. Ni Emmah aliyesema, "Nitamaliza."

"Mama, hakuna haraka. Hata ikibaki hivyo, ni sawa."

"Nitamaliza," akarudia. Mwenyewe hakujua kwa nini.

Basi kila Jumapili na Jumatatu alikwenda Magunga na wifi yake, Sheila, dada ya Mokaya. Sheila alichekecha kokoto, Emmah akapanga mataruma, akalaza reli na kupima upana wake kwa kipande cha bati ambacho Mokaya alikuwa amekikata: milimita sitini na moja, na kwenye kona iongezwe moja, ili magurudumu yasikwame. Hayo hakufundishwa. Alikuwa amemshikia vitu miaka mingi, na mikono ilikumbuka.

"Wifi," Sheila alisema siku moja, chekecheo likiwa mapajani, "hujamlilia kaka yangu hata mara moja."

"Nipe hiyo tupa."

Sheila akampa. Akalia yeye, kwa niaba ya wote wawili, Emmah akiendelea kulainisha ncha ya reli.

Siku ya majaribio treni ilizunguka vizuri asubuhi yote. Mjusi alirukia behewa la tatu, akabebwa mzunguko mzima, kichwa juu kama mheshimiwa, na Emmah akacheka. Kicheko kilitoka mara moja, kikakatika. Saa saba mchana, jua likiwa kali, treni ilifika kona ya mpera ikaanguka ubavuni. Wakairudisha. Ikaanguka tena.

Emmah alilala kifudifudi, shavu likigusa kokoto, akafumba jicho moja. Reli ilikuwa imevimba kwa joto, na ile sehemu ndefu iliyonyooka ilikuwa imeisukuma kona nje. Sehemu hiyo iliwekwa na Mokaya. Alizoea kujenga chini ya paa. Hakuacha nafasi ya chuma kutanuka.

"Kaka alikosea?" Sheila aliuliza.

"Alikosea."

Ikabidi kazi yake ing'olewe. Misumari mia nane, midogo kama sindano, Emmah aliichomoa mmoja mmoja kwa koleo. Alijiambia kwamba sasa ndipo kitu kitapasuka ndani yake, kwa kuwa kila msumari ulikuwa pigo la mkono wa mumewe. Akasubiri. Aliona tu kwamba ilikuwa imepigwa vizuri, wima, bila hata mmoja kupinda. Akaikata reli vipande vya mita moja, na baina ya kipande na kipande akaacha nafasi ya unene wa kitambulisho chake. Misumari mipya hakuikaza sana, reli ipate kuteleza chini yake. Ilimchukua majuma matatu.

Walipoijaribu tena saa saba mchana, treni ilipita kona ya mpera, ikaingia kwenye miwa ya nywele, ikatokea upande wa pili. Yakub alipiga makofi peke yake, akapangusa macho.

"Mama, niandike jina lake kwenye injini?"

Emmah alifikiri. "Weka namba. Zile za kiwandani zilikuwa na namba."

"Namba gani?"

"Nne."

Sheila alimtazama; ndiyo injini ambayo kaka yake aliitunza kiwandani.

Jumanne Emmah alikuwa kibandani. Mteja wa kwanza, mwalimu kutoka Karungu, aliketi, akaegemeza kichwa nyuma na kulalamika kwamba amemtafuta siku mbili.

"Nilikuwa Magunga."

"Kuna nini huko?"

"Reli," alisema Emmah, akagawa nywele kwa ncha ya kitana, mstari ukanyooka. "Ukiumia uniambie."