Tulivyokwenda Kumuaga Kocha

Mpira wa kikapu nilijifunza nikiwa mfupi. Watu wa London hawakulijua hilo, na mimi sikudhani ni jambo la kumweleza mtu. Katika shule ya bweni kule Kenya nilikuwa miongoni mwa wasichana wadogo kabisa wa timu, na kazi ya wadogo ni kuleta mpira kutoka nyuma, kuutazama uwanja wote, na kuamua nani aupate. Mwenye kazi hiyo huitwa namba moja. Kisha, nikiwa namaliza sekondari, miguu yangu ikaamua kukua bila kuniuliza. Sketi ya sare ikapanda juu ya magoti, mwalimu mkuu akaniita ofisini nieleze kwa nini nimeikata, na nilipofika kwa shangazi yangu Wembley kazi yangu ya kwanza ikawa kumbadilishia balbu za nyumba nzima, kwa sababu sikuhitaji kiti.

Chuo changu cha kwanza kilikuwa huko huko kaskazini mwa jiji. Kocha wa timu ya wasichana alikuwa Mwingereza wa makamo, mpole, mwenye kikombe cha chai kisichomtoka mkononi. Siku ya kwanza ya mazoezi alinitazama kuanzia viatu, akapanda taratibu, na alipofika kichwani akatabasamu.

"Namba tano," akasema.

Namba tano ni yule mrefu anayesimama karibu na kikapu, amekipa mgongo, anasukumana na warefu wenzake akisubiri kuletewa mpira. Basi nikasimama. Mwaka mzima nilisimama. Sisemi alikuwa mwalimu mbaya, hata kidogo. Alinifundisha kuruka kwa wakati, kutumia nyonga, kudaka mpira unaorudi kutoka kwenye ubao, na yote hayo ninamshukuru. Lakini mimi na kusubiri hatujawahi kupatana. Hata chai nikiipika nafunua sufuria kila dakika. Mpira ukinifikia, tayari nilikuwa nimeona mwenzangu aliyebaki peke yake upande wa pili, na kabla sijaupeleka huko naisikia sauti kutoka benchi: funga mwenyewe, wewe ni mrefu. Nilikuwa narudi Wembley na mbavu zinauma kwa viwiko vya watu, nimenuna, naenda kuulizwa na shangazi kama kweli huo ni mchezo au ni adhabu.

Nilimwomba kocha anijaribu kwenye namba moja. Akacheka kwa upole wake, akaniambia wafupi anao wa kutosha.

Mwisho wa mwaka huo, ilikuwa mwaka elfu mbili, tukacheza mechi ya kirafiki na chuo kimoja cha upande wa Lewisham. Namba moja wetu akateguka kifundo cha mguu, na katika vurugu ile mimi nikajikuta naleta mpira mbele bila kutumwa. Zilikuwa dakika chache tu, lakini niliziona njia zote uwanjani kama zamani. Mechi ilipokwisha, kocha wa wenzetu, mwanamke mwenye sauti nzito, akanifuata hadi kwenye mabomba ya maji.

"Nani alikuweka chini ya kikapu?" akaniuliza.

Nikainama kunywa maji, maana kocha wangu mwenyewe alikuwa amesimama pale karibu, chai yake mkononi. Mama yule akaniambia kwamba namba moja wake anamaliza masomo, na kwamba kozi yangu ya uhasibu ipo chuoni kwake pia. Nikaomba kuhamia mwaka wa pili, wakanikubali. Kikabaki kizuizi kimoja. Kanuni ya ligi yetu ilisema mchezaji akihama, kocha wa zamani lazima amwachilie, la sivyo atakaa msimu mzima akitazama wenzake. Mimi nilibakiwa na misimu miwili tu ya kucheza. Sikutaka kuutumia mmoja kwenye benchi, si baada ya kuuonja ule mpira tena.

Nikampigia kocha simu. Akasema hapana, akanitakia likizo njema.

Shangazi alikuwa anakanda unga nilipompa habari. Yeye alifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee na alikuwa ametoka shifti, bado ana sare.

"Ulimwambia kwa simu?" akauliza.

"Ndiyo, shangazi."

"Mtu amekulea mwaka mzima, halafu unamuaga kwa simu."

"Shangazi, huyu ni kocha. Hapa watu wanahama tu."

"Hapa wapi? Hapa ni kwangu." Akaupiga unga kofi. "Hata mpangaji akihama anagonga mlango, anashukuru. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wewe kwa huo urefu umesahau kuinama. Nitabadilisha shifti. Tutaenda."

Nilidhani "tutaenda" ni mimi na yeye. Jumamosi asubuhi nikamkuta sebuleni mzee wa kanisa letu, amevaa suti ya kahawia na tai. Mzee huyo ndiye aliyekuwa akiongoza posa zote za Wakenya wa upande wetu. Popote palipokuwa na binti wa kuombwa au kuagwa, suti ile ilikuwepo. Nikamwambia shangazi kwamba sasa amezidisha. Akanijibu kwamba penye wazee haliharibiki neno, akanikabidhi kikapu chenye chapati na chupa ya chai. Katika basi nilikaa kiti cha nyuma kabisa, nijifanye siwajui. Haikusaidia, maana mzee aliniita kwa sauti kila kituo aniulize kama tumefika.

Kocha alipofungua mlango wa ofisi yake kando ya uwanja, akaona tai, akaona kilemba cha shangazi, akabadilika rangi. Alidhani tumekuja kumshitaki. Akaanza kutueleza kwamba malalamiko yana utaratibu wake. Mzee akamsikiliza hadi mwisho, kisha akamuuliza ameamkaje.

Kocha akasema ameamka vizuri. Mzee akauliza habari za kazi. Halafu habari za nyumbani, halafu kama wazazi wangali hai. Mimi nilikuwa natazama zulia. Kumbe mama yake yu hai na magoti yanamsumbua, na hapo shangazi akavuta kiti karibu, maana magoti ya wazee ndiyo kazi yake. Waliongea magoti hadi nikasahau kilichotuleta. Chapati zilipofunuliwa, kocha alikuwa amefungua vifungo vya koti na anauliza kama mama yake anaweza kupanda ngazi.

Ndipo mzee akasimama.

"Tumekuja kukushukuru," akamwambia. "Binti yetu amekaa kwako mwaka mzima. Hakuumia, hakuharibika, na amejifunza. Sasa ameona njia nyingine. Hatukupenda aondoke kama mtu aliyetoroka."

Kocha akasema katika miaka yake yote ya kufundisha hajapata kuagwa. Wachezaji hupotea tu. Mwezi wa tisa unafika, anahesabu vichwa, haoni mtu. Nikamwonea huruma, na hasira yangu yote ikapungua. Lakini akaongeza kwamba hana mrefu mwingine, na bila namba tano atapigwa na kila mtu.

"Hiyo namba tano inafanya nini?" shangazi akauliza. Mpira wa kikapu hakuujua hata kidogo.

Kocha akaweka chupa yetu ya chai katikati ya meza, hiyo ikawa mimi, akapanga vikombe kuizunguka. Akaeleza kwamba chupa inasimama pale pale, inasubiri vikombe viiletee mpira.

Shangazi akacheka hadi akafuta macho kwa ncha ya kilemba.

"Huyu asubiri? Huyu? Kanisani sherehe ikiwa kubwa, huyu ndiye tunampa mwiko. Ukumbi umejaa, watoto wanakimbia, na yeye anajua nani hajapata nyama na nani anakuja mara ya pili. Sahani inakufikia kabla hujanyoosha shingo. Umsimamishe mahali pamoja, si utamwua?"

Kocha akaacha kutafuna. Akaniangalia usoni, si kichwani.

"Kwenu ulikuwa unacheza namba gani?"

"Namba moja."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipokuwa mfupi."

Akaitazama ile chupa. Akaiondoa katikati, akaiweka nyuma ya vikombe vyote, akakaa akiitafakari. Mwishowe akasema angeniomba nibaki, lakini namba hiyo ameshawaahidi wasichana wawili na hawezi kuvunja neno lake. Kwa hiyo niende, ananiachilia. Akaniambia pia kwamba tukikutana nisitegemee huruma. Mzee akaomba tusali, na kocha akainamisha kichwa pamoja nasi, kipande cha chapati kikiwa bado mkononi.

Tulikutana mapema msimu ule, kwenye uwanja wetu Lewisham. Nilitoka Wembley na shangazi, tukapanda treni mbili, ile ya pili ndogo isiyo na dereva, naye akaisemesha njia nzima ipunguze mwendo. Tulipofika nilimwonyesha viti vya upande wetu. Hakuvitaka. Alikwenda moja kwa moja kukaa nyuma ya benchi la kocha wa zamani, amuulize habari za mama, kwa sababu kwa hesabu zake yule sasa ni mkwe na mkwe hakaliwi mbali. Wachezaji wa akiba wa kocha huyo wote walikuwa wanakula mahamri ya shangazi kabla filimbi haijalia.

Kocha wangu mpya hakunipa maelekezo mengi. Alinipa mpira. Nikageuka, nikaanza kuuleta mbele nikiudunda, na uwanja wote ukafunguka mbele yangu, marafiki zangu wa zamani wamejipanga kunizuia, wapya wakikimbia pembeni. Nilikuwa na furaha. Nilipovuka mstari wa katikati nikaisikia sauti ile niliyoijua, kutoka benchi la wageni, ikiwapigia kelele wachezaji wake.

"Msitazame urefu wake. Tazameni mikono yake."

Nikaanza kucheka pale pale uwanjani. Msichana aliyekuwa ananikaba akashusha macho haraka kutoka usoni pangu hadi viganjani, lakini mpira ulikuwa umeshaondoka.