Mama Mkwe Ndani ya Simu

Mungu alipogawa sauti, Nshoma alikuwa wa kwanza kwenye foleni, na wanaomjua wanasema alizunguka akapanga tena. Alipokuwa msichana kule Shinyanga aliita ng'ombe wa baba yake kutoka ng'ambo ya mbuga, wakaja wa baba yake pamoja na wa jirani. Alipoolewa akahamia Kasulo na mumewe na mifugo, Wahangaza, wenyeji wa huko, hawakuhitaji kutangaziwa kwamba wamepata wageni. Walimsikia akigombana na kuku.

Mume alifariki, ng'ombe wakapungua, magoti yakaanza kulalamika. Sauti ikabaki palepale. Ilikuwa ndiyo mali yake pekee isiyoliwa na kupe wala kudaiwa na shemeji.

Sasa kampuni inayotafuta sauti ingempitaje mtu kama huyo?

Haikuja kampuni yenyewe. Kampuni haina miguu, hutuma watoto wa watu. Alikuja Luqmani, kijana wa familia ya wenye maduka wa Ngara mjini, viatu vinang'aa kana kwamba udongo wa Kasulo umeombwa umpishe. Alimkuta Nshoma uani anapukuchua maharage.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Kama unauza chandarua, ninacho. Kama unahubiri, nimeshabatizwa."

"Hapana bibi. Tunafundisha mashine kuongea. Inaitwa akili mnemba. Tunataka izungumze na wakulima kama mtu wa hapahapa, ndiyo maana tunakusanya sauti."

"Haina mama?"

"Nani, bibi?"

"Hiyo mashine. Mtoto hufundishwa kuongea na mama yake."

"Ndiyo maana nimekuja kwako," alisema Luqmani. Kijana alikuwa amelelewa dukani, anajua mteja anashikwa wapi. Akaongeza, kama mtu asiye na haja, kwamba jirani yake Frida tayari amerekodiwa.

"Frida?" Nshoma aliweka ungo chini. "Yule anayeongea kama aliyemeza pamba? Mnataka hiyo mashine ife njaa? Lete hicho chombo."

Akapewa kitenge na mche wa sabuni. Akaonyeshwa kioo cha simu chenye maandishi madogo kama chawa, akaambiwa abonyeze kidole. Akabonyeza. Angesoma nini? Hata Luqmani mwenyewe, alipoulizwa yanasemaje, alisema, "Ni ya kawaida tu, bibi." Na mambo ya kawaida, kama tujuavyo, hayajawahi kumdhuru mtu.

Akakaa barazani akaongea. Alieleza mihogo inavyougua, kupe wanavyojificha masikioni, maharage yanavyopaliliwa, na bila kuombwa akaongeza jinsi ya kumwamsha mwanamume mvivu. Luqmani alimhakikishia kwamba sauti yake itachanganywa na za watu wengi, hakuna atakayeitambua. Nshoma alichukia kidogo kusikia hivyo, ila hakusema.

Hakuwa na haja ya kuchukia. Huko walikochanganya, sauti ya Nshoma ilifanya kama mwenyewe afanyavyo kwenye msiba: iliingia kimya, ikaishia kusimamia jiko. Masika yalipofika, simu za watu zikaanza kutoa ushauri wa kilimo, na mtoa ushauri akaitwa Bibi Shamba. Ukimsikiliza ni Nshoma mtupu, isipokuwa kwa jambo moja: alikuwa na adabu. Alisema "tafadhali". Alisema "samahani, sijakuelewa." Nshoma hajawahi kumwambia mtu tafadhali tangu azaliwe, hata mkunga.

"Wamenifuga," alisema alipojisikia mara ya kwanza dukani. Lakini alitoka akitembea kwa maringo. Alipokutana na Frida kisimani akamwambia, "Umesikia nilivyomsaidia yule wa Nyakisasa mihogo yake?" Wa Nyakisasa hakumjua wala mihogo yake hakuiona. Maringo hayajali.

Sasa, Nshoma ana binti mmoja, Recho, aliyeolewa na Maduhu, Msukuma mwenzao, upande wa pili wa kata. Asiyejua Wasukuma na wakwe zao aelezwe. Mkwe na mama mkwe hawali pamoja, hawakai chumba kimoja. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini mpaka mwenzake apite. Maduhu tangu aoe alimheshimu mama mkwe wake kwa namna iliyo bora kuliko zote, yaani kutomwona. Ndiyo maana hawakuwahi kugombana.

Masika yale Maduhu alikuwa malishoni upande wa Biharamulo, habari za Bibi Shamba zikampita. Alirudi akakuta mdogo wake amemletea simu kubwa kutoka Mwanza, na Recho yuko shambani. Watu wakamwambia, uliza lolote la ng'ombe, itakujibu. Maduhu akaingia bafuni, lile la mabua nyuma ya nyumba, akaweka simu juu ya jiwe, akavua, akajipaka sabuni kichwa hadi kidole. Wakati povu linafanya kazi akaona asipoteze muda.

"Dume langu lina kupe ndani ya sikio," akaiambia simu.

"Ndiyo mwanangu," ilijibu sauti ya mama mkwe wake, palepale ubavuni. "Nieleze vizuri, nione nitakusaidiaje."

Maduhu hakueleza. Alitoka kupitia ukuta, si mlangoni, akakata shamba la mahindi akiwa amevaa povu. Watu wa Kasulo waliokuwa wakipalilia walimwona vizuri sana. Asiyemwona alikuwa mmoja tu, nayo ni ile simu aliyokuwa anaikimbia.

Cheka, lakini Maduhu hakucheka. Alijificha kwa mjomba wake, mzee Nyanda, akakataa kurudi kwake. "Nyumba ile ina mama mkwe," alisema. "Nitalalaje humo?" Ukoo ukakaa, ukaamua: aibu imeingia, isafishwe kwa mbuzi, na mbuzi atolewe na aliyeingia kwa mwenzake. Mpaka mbuzi afike, Recho akae kwao.

Recho akafika kwa mama yake na mtoto mgongoni na godoro kwenye bodaboda. Simu alikuwa ameifunika kwa khanga ndani ya kikapu, kama kuku mgonjwa.

"Mama, umeingia kwangu."

"Nimeingia lini? Nilikuwa hapa na maharage yangu. Muulize Frida, ingawa kusema kwenyewe shida."

"Toa mbuzi mmoja, mama. Mmoja tu, nirudi kwangu."

"Mbuzi ninao. Kosa sina. Nikitoa mbuzi nimekiri nilikwenda kumchungulia mkwe wangu bafuni. Nife na jina hilo?"

"Na mimi nife na lipi? Kule wameshaanza kumtaja binti mmoja wa kule Kanazi, aolewe. Wanasema Maduhu hawezi kupikiwa na mjomba."

Nshoma aliangalia mbuzi wake, akaangalia binti yake aliyekonda ghafla, na kiburi kikakataa kusogea. Wanawake wengine wangetoa mbuzi wakanyamaza. Ndiyo maana hao hawaandikwi hadithi.

Alichofanya, alifunua kikapu akachukua simu.

"Wewe," aliiambia. "Toka kwa mkwe wangu."

"Pole kwa changamoto hiyo, mwanangu," sauti yake ilimjibu. "Tafadhali nieleze, ni zao gani limeathirika?"

"Mwanao nani? Mimi ndiye niliyekuzaa, mshenzi wewe!"

"Samahani, sijakuelewa. Je, ungependa kujua kuhusu mbolea?"

Recho alicheka mpaka akakaa chini, kisha kicheko kikageuka kilio, na mtoto akalia naye. Hapo Nshoma akafunga khanga vizuri, akatuma neno kwamba Luqmani aje, na wazee wa Maduhu waje.

Walikutana kwa Nyanda, kando ya zizi. Nshoma upande huu. Maduhu nyuma ya boma la miti, anasikiliza bila kuonekana. Luqmani katikati, viatu vimeshakutana na samadi.

"Itoeni sauti yangu humo," alisema Nshoma.

"Bibi, haitoki. Mashine imeshajifunza. Ni kama chumvi kwenye mchuzi, utaitoaje?"

"Mwaga mchuzi."

"Mchuzi ni wa watu wote, bibi."

"Ila chumvi ni ya Nshoma," alisema mzee Nyanda taratibu. "Basi mama, leta mbuzi. Sauti ni yako, aliyeingia ni wewe."

Recho aliinamisha uso. Nshoma akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza Kasulo ilimwona akiufunga tena. Luqmani, ambaye hakupenda shari, akaona awaokoe wote kwa kuwapigia wakubwa wake. Wakubwa, waliposikia kijiji kizima kinauliza sauti ni ya nani, wakashtuka. Mtu anayeuliza hivyo leo kesho ataomba fungu lake. Wakajibu kwa sauti kubwa, simu ikiwa wazi, kila mtu asikie: mama yule alibonyeza kidole mwenyewe, na tangu siku ile sauti ni mali halali ya kampuni. Hana dai lolote juu yake.

"Rudia hapo," alisema Nyanda. "Wengine masikio yetu mazito."

"Sauti ni mali ya kampuni. Si ya huyo mama."

Zizini, dume la Maduhu lenye kupe, lililoletwa kwa mjomba, likatikisa sikio.

"Ahaa," alisema Nshoma. "Mmesikia wenyewe, wazee. Mimi nimeshanyang'anywa. Sikuwa bafuni."

"Kweli," alisema Nyanda akikuna kidevu. "Aliyekuwa bafuni ni kampuni. Basi mama mkwe ni kampuni. Kampuni ilete mbuzi."

"Mzee wangu," alisema Luqmani, jasho likimtoka, "kampuni iko mbali sana. Mimi ni mratibu tu."

"Sauti ilipokuwa inachukuliwa kampuni ilikuwa karibu. Ilikaa barazani. Ilikunywa na uji," alisema Nshoma. "Imekwenda mbali leo?"

"Wewe mwenyewe ungesemaje, kijana?" Nyanda akamwuliza kwa upole. "Sauti ya nani? Ikiwa ya mama, mrudishie, aizime. Ikiwa yenu, mbuzi."

Luqmani aliwatazama, akaitazama simu, ambayo wakubwa walikuwa wameshaikata. Alienda mnadani akarudi na mbuzi jike mweupe, mzuri, hata Nshoma alimsifu. Lakini mbuzi haji peke yake. Huletwa na mama mkwe, na mama mkwe hujifunga nguo kiunoni.

"Hii hapa," Nshoma alimpa kitenge. Ni kile kile cha siku ya kurekodi, bado na mikunjo ya dukani. "Nilikuwa nakitunza kwa shughuli."

Basi mratibu wa kampuni, kijana wa watu wa mjini, akajifunga kitenge juu ya suruali, akainama, akatamka kwamba ameingia kwa mkwe wake bila kubisha hodi na hatarudia. Alipotamka "hatarudia" sauti ilipungua kidogo, maana huko alikotoka kazi ilikuwa inaendelea. Mbuzi alimchinja mwenyewe kwa bismillahi, na kwa hilo walau mama mkwe yule alijua kazi yake. Maduhu alinawishwa aibu akiwa nyuma ya boma. Jioni ileile Recho akapandisha godoro kwenye bodaboda, na hakumwangalia mama yake mpaka alipokuwa amekaa vizuri. Kisha akasema, "Mama, wewe ni mtu mgumu," na Nshoma akajibu, "Ndiyo maana ndoa yako haijavunjika."

Heshima haifanywi nusu. Tangu siku ile Maduhu akisikia pikipiki ya Luqmani anaingia majanini na kuinamisha uso mpaka ipite, na vijana wenziwe humfuata kwa kumuunga mkono. Luqmani hupita Kasulo barabara ikiwa tupu, anasalimia nyasi. Hapati tena sauti za kurekodi upande ule.

Sauti ya Nshoma iko hukohuko. Sasa inauza hadi dawa ya kunyunyizia mihogo ambayo yeye mwenyewe hangeiweka karibu na mbwa wake. Akiisikia dukani huwa anatoka nje kimya, na kimya cha Nshoma ni kitu kizito, watu wanakipisha. Nshoma haiti tena kwa sauti ng'ombe wake wawili waliobaki. Huwafuata mwenyewe, kwa magoti yale yale.

Juzi wamekuja wengine, mabinti wawili wenye vitambulisho shingoni, wanakusanya vikohozi vya wazee ili mashine ijifunze kutambua magonjwa. Ni kwa faida ya wote, walisema. Ni jambo la kawaida tu. Wakatoa kioo.

Nshoma alikuwa na kifua siku hiyo. Akabana kikohozi.

"Karibuni, wanangu," alisema. "Mbuzi mmemfunga wapi?"