Siku Injini Ilipozimika Kweli

Mwalimu wangu wa urubani alikuwa na tabia ya kunikatiza nikiwa katikati ya hadithi. Siku hiyo, tukiwa angani, nilikuwa nikimsimulia jinsi mama alivyogombana na mwenye mbuzi waliokula mboga zake za sukuma anazouza sokoni, mtaani kwetu Jericho. Mara akanyoosha mkono, akavuta nyuma mpini wa kuongezea nguvu. Injini ikanyong'onyea, ikabaki ikivuma kidogo tu.

"Injini imekufa," akasema. "Unatupeleka wapi?"

Zoezi hilo tulikuwa tumelirudia sana. Unajifanya injini imezimika, unatafuta mahali pa kutua, unashuka kama mtu anayetua kweli, kisha karibu na ardhi unaongeza nguvu na kupaa tena. Tulikuwa tumeacha mapaa ya mtaa wa Komarock nyuma yetu. Nikachagua kiwanja wazi kando ya mashamba madogo ya maharagwe, nikainamisha pua ya ndege. Tulishuka hadi nikaweza kuona shuka nyekundu iliyoanikwa kwenye kamba.

"Sawa, hapo ungefika," akasema. "Haya, pandisha."

Nikasukuma mpini mbele. Injini ikakohoa, ikanyamaza. Propela ikasimama mbele ya macho yangu kama mshale wa saa iliyoisha betri.

Nilimwona mwalimu akipeleka mikono kwenye usukani wake. Alianza kurusha ndege mimi nikiwa bado shule ya msingi, na nilikuwa tayari kumwachia. Lakini akanitazama, akakitazama kile kiwanja, akairudisha mikono mapajani.

"Endelea. Unakwenda vizuri. Mimi naita msaada redioni."

Sikupata hata nafasi ya kuogopa. Niliiweka pua chini tusipoteze mwendo, nikavuka ua wa michongoma, kisha nikavuta usukani polepole. Magurudumu ya nyuma yakagusa, yakadunda, yakagusa tena. Nilikuwa karibu kushangilia. Ndipo gurudumu la mbele likaingia kwenye mtaro uliofichwa na nyasi, likavunjika, na ndege ikajichomeka ardhini, mkia juu.

Tukaning'inia kwenye mikanda. Palinuka mafuta. Nikazima swichi, nikaupiga mlango teke, ukagoma. Nikaupiga tena, ukafunguka. Mwalimu alikuwa ameumia bega, hivyo nikamfungua mkanda na kumvuta upande wangu. Wanawake waliokuwa wakipalilia maharagwe walikuwa wamekwisha kufika, na mmoja wao akampokea kifuani kama mtoto, ingawa mwalimu alikuwa mtu wa miraba minne.

"Wengine wako wapi?" akauliza yule mama.

"Ni sisi wawili tu."

Mwanamume mmoja wa bodaboda alisimamisha pikipiki, akaiangalia ndege, akaniangalia mimi. "Siste, ni wewe ulikuwa unaendesha hii kitu?"

"Ni mimi."

"Wacha! Na mmetoka wazima?"

Akavua helmeti, akanipa mkono. Wanawake wakapiga vigelegele. Hapo ndipo nilipoketi kwenye nyasi, nikicheka na kulia kwa pamoja.

Mafundi walikuta uchafu umeziba njia ya mafuta. Mwalimu alipopata nafuu alikuja kwetu Jericho, mkono ukiwa bado umefungwa shingoni, akamwambia mama, "Aliyetushusha salama ni binti yako."

"Na wewe ulikuwa unafanya nini?" mama akamuuliza.

"Nilikuwa naongea na redio."

Mama alicheka hadi akafuta machozi kwa leso yake, akamwongezea chapati. Kisha akanigeukia. Nilidhani sasa atanikataza.

"Unarudi lini juu? Niambie siku, nianze kuomba mapema."

Nilirudi. Siku ya mtihani nilipewa mtahini mwanamke, asiyependa maneno mengi. Alipokata nguvu ya injini, niliukumbuka ule mtaro. Hata hivyo nilichagua kiwanja changu, nikashuka. Chini kabisa akasema, "Pandisha." Nikasukuma mpini. Injini ikanguruma kwa nguvu zake zote, ardhi ikaachwa chini, nami nikapiga ukelele uliomfanya mtahini atabasamu kwa mara ya kwanza.

Tulipotua alinipa mkono. "Umepita, rubani."

Nikampigia mama simu. "Nimepita," nikamwambia. Nilisikia tu akiwageukia wenzake sokoni: "Jamani, amepita! Mwanangu amepita!" Nikasimama kando ya ndege, simu sikioni, nikiwasikiliza wauza mboga wa Jericho wakinishangilia.