Timu Iliyopungukiwa na Mtu Mmoja

Ukitaka kucheka, cheka. Mimi nilikuwepo, na macho yangu haya ndiyo yaliyoona. Mtu wa kwanza niliyemsimulia aliniuliza nilikuwa nimekunywa nini. Mimi, mtoto wa Lamu, nimekunywa nini zaidi ya chai?

Nilikuwa mlinzi wa uwanja mmoja wa michezo upande wa Al Twar, hapa Dubai. Palikuwa na klabu ya Waayalandi. Mpira wao si kama wetu: wanaudaka kwa mikono, wanaupiga kwa miguu, na nguzo za goli zinapanda juu kupita mtambaa panya. Mpira ukipita juu ni pointi, inapeperushwa bendera nyeupe. Ukiingia wavuni ni goli, bendera ya kijani. Nimejuaje? Kocha wao, mzee Brendan, alinifundisha. Siku wakikosa mwamuzi wa kusimama kando ya goli, alinivalisha koti jeupe na kunipa bendera zile. Niamini, raha niliyoipata ilishinda ya Idi.

Na aliniita kwa jina langu. Hilo usilione dogo. Kwa wengine wote mimi ni "sekyuriti". Sekyuriti fungua, sekyuriti beba. Unaweza kukaa mji huu mpaka ukasahau kwamba mama yako alikupa jina.

Klabu ilikufa polepole. Kazi ziliisha, wengine wakarudi kwao, wengine wakahamia nchi nyingine. Timu mbili zikawa moja, moja ikawa nusu. Mwishowe Brendan alikuwa akija peke yake kila Ijumaa, anapiga mpira na kuufuata mwenyewe. Niliumia kumtazama. Kisha naye akaondoka, na baadaye mkewe akaja kuchukua jezi stoo, akaniambia mzee amefariki kwao Ayalandi. Nguzo zikabaki zimesimama, hazina wa kuziulizia.

Sasa nisikilize. Asubuhi moja ya baridi, jua limeshatoka lakini ukungu umetanda, hata barabara siioni. Niko getini. Nikaitwa. Jina langu kamili, kutoka uwanjani.

Kwetu mtoto hufundishwa mapema: ukiitwa na usiyemwona, usiitike mpaka uuone uso wake. Nalijua hilo tangu utotoni. Lakini nani alikuwa ameniita kwa jina tangu mzee aondoke? Mdomo ukaitangulia akili.

"Naam!"

Ningejua, ningeuma ulimi.

Nikafuata sauti. Brendan alikuwa amesimama chini ya nguzo, koti jeupe mkononi. Nyuma yake, ndani ya ukungu, watu wengi wamejipanga kimya. Akanena nami kwa Kiswahili, yeye ambaye hata "jambo" ilikuwa ikimshinda.

"Njoo, babangu. Tumetimia wote kasoro mmoja. Vua hilo shati la kazi."

"Kucheza siwezi, mzee."

"Utafundishwa. Hapa kila mtu huitwa kwa jina lake."

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Sikudanganyi, sikuogopa hata kidogo. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka, nikaanza kufungua vifungo. Nilikuwa nimeshatoa mkono mmoja redio ilipokoroma kiunoni. Alikuwa supavaiza.

"Sekyuriti! Uko wapi wewe? Geti halina mtu! Yalla!"

Nikageuka, kwa mazoea tu. Nilipotazama tena hapakuwa na mtu, ila nguzo na ukungu. Nyasi zilikuwa zimelowa umande, na nyayo zilizokuwapo zilikuwa zangu peke yangu. Hapo ndipo nilipotoka mbio, shati likining'inia mkono mmoja.

Bi Zuhura, mama wa Kizanzibari aliyekuwa jirani na uwanja, alinisomea maji nikanywa. Halafu akanigombeza: "Ungelilivua lote, mwanangu, leo tungelikuwa twakusomea hitma. Na jina lako sasa wanalo. Ukiitwa na usomwona, usiitike asilani."

Niliomba uhamisho, siku hizi nalinda jengo moja Marina. Ukungu unafika na huku, na ukifika naitwa. Nakwambia ukweli: hamu ya kuitika bado ninayo.

Mama akipiga simu kutoka Lamu huniita kwa jina. Simu yake ni ile mulika mwizi, haina video, uso wake siuoni. Nanyamaza. Anaita tena, nanyamaza, mpaka aseme, "Mwanangu, hunisikii?" ndipo ninapojibu. Juzi alilia. Alisema Dubai imenipa kiburi, hata jina alilonipa silitaki tena. Nimwambie nini?

Basi nakuonya. Sauti usiyoiona uso usiiitikie, hata iwe tamu vipi. Na kama mlangoni kwako amesimama mlinzi, muulize jina lake leo hii, umwite kwalo, kabla hajaitwa na wengine.